Sura ya Saba: Kadi za Wahiti

Hadi saa nne asubuhi ya Ijumaa, Inspekta Batuli Nassibu alikuwa na mtuhumiwa mmoja tu, na mtuhumiwa huyo ndiye aliyekuwa akimsaidia kuhesabu.

"Elfu nne na nne," alisema Eusebio, amepiga magoti mbele ya kasha la mwisho.

"Ipo?"

"Ipo, afande."

"Na tano?"

"Haipo."

Batuli akatia alama ya msalaba kwenye karatasi yake. Walikuwa wameanza kazi hiyo jana alasiri, wakalala, wakaendelea tena asubuhi. Makasha tisa ya mbao yalikuwa yamepangwa ukutani katika sebule ya Profesa Haruna Tawakali, mtaa wa Rasbura mjini Lindi, na ndani yake zilikuwamo kadi elfu nne na ushee. Kila kadi ilibeba neno moja la lugha zilizokufa zamani za kale huko Anatolia, nchi ambayo leo ni Uturuki: Kihiti, Kiluwi, Kilisia. Profesa alizaliwa katika nyumba hiyohiyo, akaenda kusoma Ulaya akiwa kijana, akafundisha huko hadi nywele zikaisha, kisha akarudi kwao na picha ya marehemu mkewe na makasha hayo tisa. Kazi yake ya miaka arobaini ilikuwa kuuliza kila neno limezaliwa wapi na nani ni ndugu zake.

Nakala nyingine hapakuwa nayo. Mzee hakuamini kompyuta.

Jambo lililomkosesha Batuli usingizi ni macho ya mzee. Daktari alikuwa amemwambia kinagaubaga kwamba presha ya macho imekwisha kula sehemu kubwa ya nuru yake, na kwamba asome anachotaka kusoma kabla mwaka haujaisha. Kadi iliyopotea sasa asingeweza kuiandika tena. Tangu jana alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba karibu na dirisha, hajala, hajalalamika.

"Ya mwisho," alisema Eusebio. "Elfu nne na kumi na nane. Ipo."

Batuli akajumlisha misalaba. Akajumlisha tena, maana hakuwa mtu wa kuamini jumla yake ya kwanza hata dukani.

"Mia tatu na kumi na mbili," alisema.

Profesa akafumba macho.

Mambo yenyewe yalikwenda hivi. Jumanne mvua ilinyesha na bati likavuja juu ya makasha. Profesa, msaidizi wake Eusebio na Bi Adija, mama anayempikia na kumfulia, wakatoa kadi zote na kuzitandaza kwenye mikeka, sebule nzima hadi ukumbini. Jumatano Profesa alipelekwa kliniki ya macho na jirani. Nyumbani wakabaki Bi Adija, akizigeuzageuza kadi zikauke, na Eusebio, akizirudisha kwenye makasha kadiri zilivyokauka. Hakuna aliyehesabu. Alhamisi asubuhi Profesa akatafuta neno moja, hakulikuta. Akatafuta la pili, hakulikuta. Akapiga simu polisi.

Bi Adija aliulizwa siku hiyohiyo. Ameona mtu akiiba kadi za Kihiti? Akaapa kwamba hajaona mtu kuiba kitu, na Batuli akamwamini. Ikabaki kwa Eusebio, kijana wa Masasi aliyemaliza chuo kikuu mwaka juzi, na simu ya Eusebio ilipofunguliwa zikakutwa picha mia sita za kadi, zenye ukungu kiasi kwamba maandishi hayasomeki.

"Ulipiga bila ruhusa," Batuli alikuwa amemwambia jana.

"Ndiyo, afande."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Profesa hataki zipigwe, na nyumba inavuja."

Lilikuwa jibu zuri. Tatizo ni kwamba hata wezi hodari huwa na majibu mazuri. Picha zote mia sita zilikuwa za kadi zenye nukta nyekundu, yaani maneno ambayo asili yake wataalamu bado wanagombania, na hizo ndizo zenye thamani kwa mtu anayetaka kujitangazia jina. Kati ya kadi zilizopotea, nyingi zilikuwa na nukta nyekundu vilevile. Begi la Eusebio lilikuwa mlangoni, limefungwa zipu. Alilifunga mwenyewe, kwa kukata tamaa.

"Mia na tisini kati ya hizi zina nukta nyekundu," Batuli alisema sasa, akisoma daftari la Profesa, lenye namba za kadi na nukta zake tu. "Profesa, samahani, lakini naona kama njia inaelekea palepale."

Mzee akafumbua macho. Kwa mara ya kwanza tangu jana sauti yake ikawa ya mwalimu.

"Na zenye nukta zilizobaki makashani ni ngapi?"

Batuli akahesabu. "Mia nne na kitu."

"Basi binti yangu, hiyo ni bahati ya kufanana. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekurudisha ukakae." Akajikohoza. "Sikiliza. Mkono kwa Kihiti ni *kessar*. Kwa Kiluwi ni *issari*. Mjinga ataruka aseme, aa, ni neno moja, Waluwi wameacha herufi ya mwanzo. Mimi nasema ngoja. Mara moja haitoshi. Nyika kwa Kihiti ni *gimra*. Kwa Kiluwi?"

"Sijui, Profesa."

"*Imra*. Herufi imeanguka tena, mahali pa namna ileile. Unakwenda hivyo neno kwa neno, hadi uone kwamba kila panapostahili kuanguka imeanguka, na pasipostahili haikuanguka. Hapo ndipo unaruhusiwa kusema hawa ni ndugu na mama yao alitamka hivi. Kinachofanana nusu nusu hakina maana. Nataka kinachofanana kwa zote, bila kuacha hata moja."

Batuli alifunga daftari. Alikuwa na miaka kumi na minne kazini na hakuwahi kufokewa vizuri namna hiyo. Akavuta kigoda, akasogea karibu na kiti cha kamba.

"Haya. Mimi nitakusomea namba za zilizopotea. Wewe niambie kilichoandikwa ndani, kila kitu, hata usichokiona cha maana."

"Kwa kichwa?"

"Unazijua?"

"Hizo ni watoto wangu."

"Kumi na saba."

"*Atta*. Baba. Waandishi wa Kihiti walikuwa na mazoea ya kuandika neno la Kiakadi, *abu*, na msomaji akiliona anatamka la Kihiti. Kiakadi ni jamaa wa Kiarabu, kwa hiyo chini nimeweka la Kiarabu, mtu aone ukoo."

"Sitini na mbili."

"*Per*. Nyumba. Kwa Kiakadi *bitu*. Chini nimeweka *bayt*."

"Mia moja na tisa."

"*Laman*. Jina. Chini *ism*."

"Mia moja arobaini."

"*Siu*. Mungu. Wao miungu yao ilikuwa mingi, walijaza nchi. Kiakadi *ilu*. Chini nimeweka *ilah*."

Batuli akainua kalamu. "Hilo la chini, Profesa, uliliandika kwa herufi gani?"

"Za Kiarabu, sasa za Kichina? Nimesoma chuo cha Kurani hapahapa Rasbura, nikichapwa kila Jumamosi."

"Eusebio! Tafuta kwenye makasha. Nataka kadi moja yenye herufi za Kiarabu. Moja tu inatosha."

Kijana akarukia kasha la kwanza kama aliyetupiwa kamba kisimani. Wakagawana, yeye matano, Batuli manne, vidole vikienda mbio. Walitumia karibu nusu saa. Hawakupata hata moja. Kisha Batuli akarudi kwa mzee na kumsomea namba nyingine ishirini alizozichagua huku na huku, na zote ishirini, zenye nukta na zisizo na nukta, ziliishia kwa neno la Kiarabu.

"Zote, na hakuna iliyobaki," alisema.

"Hiyo sasa ni sheria," alijibu Profesa polepole. Lakini hakuelewa bado, na Eusebio naye hakuelewa.

Batuli alielewa. Alikuwa mtoto wa Kilwa Kivinje. Nyanyake akiona njiani kipande cha karatasi chenye herufi za Kiarabu alikuwa akiinama na kiuno chake kibovu, anakiokota, anakibusu na kukichomeka ukutani mahali pa juu, asije mtu akakikanyaga. Asome asisome, aelewe asielewe, herufi zile ni herufi za Kitabu. Aliyechukua kadi hizi hakutafuta sifa wala soko. Mwizi huyu, alijiambia, alikuwa na udhu.

"Eusebio," alisema, "rudisha begi lako chumbani."

Kijana alimtazama, kisha akageukia ukuta akalia waziwazi, na wala hakuona haya. Batuli alimwacha alie. Yeye mwenyewe alijisikia mwepesi begani, maana kumfunga pingu mtu mwenye majibu mazuri si kazi ya kufurahisha.

Bi Adija alikuwa uani, juu ya mbuzi, anakuna nazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmempata?"

"Bado. Mama, Jumatano ulipokuwa unageuza kadi, zile zenye Kiarabu ulizipeleka wapi?"

Hakushtuka hata kidogo. Aliendelea kukuna.

"Zile? Nilizisitiri."

"Ulizisitiri."

"Zilikuwa chini, mwanangu. Mlangoni kabisa. Yule kijana anaziruka na soksi zake, paka anapita. Nimesogea nisome, nikaona *ilah*, nikaona *ism*. Nikasema Mungu wangu, haya ndiyo yaliyokuwa humu siku zote? Na mzee, nisimseme, lakini mwaka mzima nimemwona anaweka kikombe cha kahawa juu ya karatasi hizihizi. Mtu mzima, amesoma, yuko mlangoni mwa kaburi. Nitamwambiaje? Nikaona bora nimwondolee dhambi kimyakimya."

"Na jana nilipokuuliza?"

"Uliniuliza kama kuna mtu kaiba kadi za Wahiti." Bi Adija akasimamisha mkono, akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi za Wahiti sikugusa. Hizo ziko mle ndani. Mimi nilichukua za Mwenyezi Mungu."

Batuli akajikuna kichwa chini ya kofia. Alikuwa ameuliza swali la wizi, akapewa jibu la wizi, tena la kweli tupu.

"Umezipeleka wapi, mama?"

"Msikitini. Kuna gunia pale barazani la misahafu iliyochakaa na juzuu zilizochanika. Maalim Ridhiwani wa Kiswere huja kulichukua, wana kisima kikavu nyuma ya msikiti wao wa zamani. Anashusha humo, anafukia na mchanga safi."

"Huja lini?"

"Alikuja jana asubuhi. Hufukia Ijumaa, wakishatoka kuswali."

Kifuu cha nazi kikaanguka. Bi Adija alikuwa amemwona Profesa mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili, uso umekuwa wa jivu.

"Kwani," aliuliza taratibu, "zilikuwa ni nini?"

"Zilikuwa kazi yake, mama," alisema Batuli, tayari anatembea. "Hukufanya ubaya. Mkalishe chini, umpe uji."

Saa tano na dakika kumi gari la polisi lilikuwa limeshatoka Lindi. Koplo Salome ndiye aliyekuwa usukani, mwanamke mwembamba aliyeendesha kama anayedaiwa na barabara. Batuli alipiga namba ya Maalim mara saba. Mara zote saba ilikuwa imezimwa.

"Ijumaa hii," Salome alisema. "Mtu wa dini atawasha simu ya nini?"

"Endesha."

"Wakiwa wameshafukia, tutafukua?"

Swali hilo ndilo lililokuwa likimsumbua Batuli tangu walipopita Mchinga. Kufukua kisima cha misahafu kwa hati ya polisi, mbele ya kijiji kizima kilichotoka kuswali, ni jambo ambalo asingeliomba hata kwa mkuu wake, na hata angepewa ruhusa asingejua aanze na mguu upi. Mchanga ukishakaa, kazi ya mzee imekwenda, na hakuna mkosaji wa kumpeleka mahakamani. Kadi zingezikwa kwa heshima kubwa, na mzee angeingia gizani bila kuzisoma.

Waliiacha lami, wakashika vumbi. Kiswere waliifikia saa saba na nusu. Watu walikuwa wameshatoka msikitini, kanzu zimetapakaa njiani, na nyuma ya ukuta wa matumbawe wa msikiti wa zamani Batuli aliona kitu ambacho hakutaka kukiona: wanaume wawili wananawa mikono, majembe yameegemezwa, na mdomo wa kisima umejaa mchanga mweupe uliosawazishwa vizuri.

Maalim Ridhiwani alikuwa mtu mfupi mwenye miwani ya fremu nene. Walisalimiana, akaulizwa, akajibu.

"Gunia limeshashuka, dada yangu. Tumemaliza sasa hivi."

"Maalim, ndani yake kulikuwa na kadi. Ngumu, za ukubwa wa kiganja."

"Kama za mwaliko wa harusi?"

"Hizohizo."

"Aa, hizo hazikushuka. Ziko kwangu kitandani."

Batuli alikaa chini. Hakuchagua mahali. Alikaa pale pale mchangani na sare yake iliyopigwa pasi, akashusha pumzi ndefu hadi Salome akacheka kwa sauti, na wale wanaume wawili nao wakacheka bila kujua wanacheka nini.

"Mimi sifukii gunia bila kulichambua," Maalim alieleza, akimtazama kwa wasiwasi kidogo. "Karatasi moja moja. Watu wetu wakiona herufi za Kiarabu tu, wanatia humo. Nimekuta pakiti za tende, makasha ya udi, hata karatasi ya maelekezo ya pasi ya umeme. Siwezi kuzika pasi na Yasini. Sasa jana nikakuta hizi. Nikasema hii si aya, hii si dua, hii ni elimu ya mtu. Mwenye elimu lazima atakuja kuitafuta."

"Hukumtafuta?"

"Ningeanzia wapi? Hakuna jina. Nilisema nitatangaza msikitini Lindi wiki ijayo." Akasita. "Kwa kweli nimezisoma. Nimekaa nazo hadi wanangu wakanicheka. Huyo bwana anaonyesha neno limetoka kwa nani na limekwenda kwa nani. Mwambie kuna moja la Kiarabu nadhani amelikosea."

"Utamwambia mwenyewe. Atafurahi kukugombeza."

Kazi ikafanywa kama inavyotakiwa. Walitandika shuka safi barazani kwa Maalim, na si mkeka, kwa sababu mwenye nyumba alikataa kadi kuwekwa chini tena. Shuka likawekwa juu ya meza. Batuli alihesabu, Salome akahesabu nyuma yake, Maalim akashuhudia. Mia tatu na kumi na mbili. Wakarudia. Mia tatu na kumi na mbili. Hati ya kupokea vielelezo ikaandikwa, ikasainiwa na watu watatu. Kwenye nafasi ya mtuhumiwa Batuli akapiga mstari, na kwenye nafasi ya kosa akapiga mstari mwingine, akaipenda yote miwili.

Kisha akapiga simu Rasbura. Ilipokelewa kabla haijaita mara ya pili.

"Zipo, Profesa. Zote. Hakuna hata moja iliyolowa."

Upande wa pili ikasikika sauti ya Bi Adija kwa mbali ikimshukuru Mungu, halafu Eusebio akipiga kelele kama mtu wa mpirani. Batuli alingoja. Alidhani mzee ataulizia saa watakayofika.

"Binti," alisema Profesa, sauti yake nyembamba. "Unasoma Kiarabu?"

"Nimechapwa Kivinje, kama wewe Rasbura."

"Nisomee moja."

Batuli akachukua ya juu kabisa. "*Atta*. Baba. Halafu *abu*. Halafu chini kwa Kiarabu, *ab*."

"Nyingine."

"*Per*. Nyumba. *Bitu*. *Bayt*."

Akamsikia analia, kilio cha mtu mzima aliyekwisha kukubali hasara na sasa anarudishiwa. Hakujaribu kumnyamazisha. Salome aliyekuwa ameshika funguo za gari akamwonyesha saa, kisha akamtazama usoni, akaziweka funguo mfukoni na kwenda kuomba chai.

"Endelea," alisema Profesa.

Batuli akavuta kiti, akaegemeza simu kwenye kikombe kitupu ili mikono yote miwili iwe huru, na Maalim akakaa upande wa pili wa meza akimpa kadi moja moja. Alisoma hadi adhana ya alasiri, na walipomaliza kuswali akasoma zilizobaki.